Walioijaribu Kwanza

Mwezi Oktoba 2005, miezi 17 kabla ya kufunguliwa kwa umma, M-Pesa ilitiwa mikononi mwa wateja wasiofika 500 na mawakala 8 katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Wateja hao walikuwa wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Sehemu ya gharama ililipwa na serikali ya Uingereza, sehemu na Vodafone, na shughuli iliyokusudiwa ilikuwa moja: mtu apokee mkopo na kuurejesha kwa simu.

Kuwafundisha watu hao kulikuwa kazi kubwa. Wengi walizoea simu ya kupiga na kupokea tu. Sasa walitakiwa kupita menyu moja hadi nyingine na kukumbuka namba ya siri. Lakini walipoizoea, hawakubaki ndani ya shughuli waliyopangiwa. Wafanyabiashara walilipana kwa simu. Wengine waliacha pesa humo usiku kucha, kama sefu. Msafiri alimwachia wakala pesa taslimu mji mmoja, akazitoa alikofika, mfuko mtupu njiani. Wapo waliowalipia wenzao mikopo ili nao watendewe jambo jingine.

Waandalizi wangeweza kuyahesabu hayo kuwa makosa ya wateja. Susie Lonie wa Vodafone na wenzake waliyachukua kama majibu. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mkopo haukuwa tena kiini chake. Ujumbe ulikuwa mfupi: tuma pesa nyumbani. Yeyote mwenye mzazi kijijini na kibarua mjini aliuelewa bila mwalimu.

Hapo ndipo ilipo thamani ya jaribio dogo. Anayejaribu programu hapaswi kumuuliza mtu kama ameipenda, maana mgeni hakosi adabu mbele ya mwenyeji. Ampe shughuli ya kweli, anyamaze, atazame mkono unakwenda wapi.

Hata hivyo, kutazama huko kulionyesha pia hasara. Mikopo midogo ilisimama juu ya kikundi: watu hukutana, hulipa mbele ya wenzao, hudhaminiana. Anayeweza kulipa akiwa dukani kwake ana sababu gani ya kuja mkutanoni? Tena hesabu za simu hazikulingana kirahisi na vitabu vya taasisi. Kilichokuwa wepesi kwa mteja mmoja kilikuwa ufa kwa kikundi kizima.

Kwa hiyo jaribio lile halikusema tu kipi kinafanya kazi. Lililazimisha uchaguzi, na aliyetuma pesa akachaguliwa mbele ya waliokaa pamoja kwenye benchi. Leo tunatuma pesa kwa sekunde chache, kwa njia iliyofunguliwa na wakopaji wa Mathare na Thika waliokuja kulipa madeni.