Kirusi Kikishatoka, Kazi Ndiyo Imeanza

Kwa wengi wetu, habari ya kompyuta iliyoingia virusi huishia pale fundi anaposema sasa iko sawa. Antivirasi imemaliza kusaka, matangazo hayajifungui tena yenyewe, mashine imerudia kasi yake na fundi amelipwa. Historia ya programu hasidi, tangu zilipoanza kusambaa katika kompyuta za watu binafsi miaka ya 1980, inasimulia jambo jingine. Mara kwa mara mashine zilizosafishwa ziliambukizwa tena, nyingine siku ileile, kwa sababu kilichoondolewa kilikuwa kirusi, ilhali njia kiliyoingilia iliachwa kama ilivyokuwa. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ulinzi tunaoukuta leo ndani ya kompyuta ya nyumbani, pamoja na yale masasisho yanayotukera kwa kutaka mashine iwashwe upya, imetokana na maambukizo hayo ya mara ya pili. Anayeuzima ulinzi huo baada ya kusafisha kompyuta yake anatupa funzo ambalo wengine walilipata kwa hasara.

Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitengeneza Brain, kirusi cha mwanzo kabisa kuenea katika kompyuta za aina ya IBM PC. Ndani yake waliandika majina yao, anwani yao na namba za simu. Brain kilikaa katika ile sehemu ya diski laini inayosomwa kwanza kompyuta inapowashwa, kikapanda kwenye kumbukumbu ya mashine, kisha kikajinakili katika diski nyingine zilizoingizwa baadaye. Diski kuu ya ndani hakikuigusa. Kwa hiyo kuzima kompyuta kulitosha kuisafisha, na bado usafi huo haukufaa kitu, maana kirusi kilikuwa kimelala katika diski zilizorundikwa mezani, na diski yoyote kati ya hizo ikitumika kuwashia mashine ilikirudisha. Aliyepona kweli ni yule aliyezikagua diski zake zote, moja baada ya nyingine, na kuziba kwa utepe lile pengo la ubavuni ili zisiandikwe kitu kipya.

Mtandao ulipoingia, diski ikapoteza nafasi yake lakini kanuni ikabaki. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia mnyoo uliojisafirisha wenyewe kwa kutumia kasoro za programu za mawasiliano na kwa kubahatisha manenosiri mepesi. Makadirio ya wakati ule yalitaja kompyuta zipatazo 6,000, kama sehemu moja ya kumi ya intaneti nzima. Wasimamizi waliofuta mnyoo huo bila kuziba kasoro zenyewe waliuona ukirudi. Mwezi huohuo Marekani ilianzisha kituo cha CERT katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ili maelezo ya kasoro na dawa zake yawafikie watu kwa mpango. Julai 2001 somo lilijirudia kwa mnyoo wa Code Red, ulioishi kwenye kumbukumbu tu, kiasi kwamba kuiwasha mashine upya kuliuondoa wote. Juni 18 Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro iliyotumiwa na mnyoo huo. Hata hivyo, Julai 19 kompyuta zaidi ya 359,000 ziliambukizwa ndani ya saa 14, zikiwemo za nyumbani na za ofisi ndogo. Asiyeweka kiraka aliweza kuisafisha mashine yake asubuhi na kuikuta imevamiwa tena mchana.

Kwa kompyuta za nyumbani, mwaka wa mageuzi ulikuwa 2003. Kiraka cha kasoro iliyotumiwa na mnyoo wa Blaster kilitoka Julai 16, na mnyoo wenyewe ukazuka Agosti 11. Kwenye kioo cha Windows XP lilitokea dirisha dogo lenye saa inayohesabu kurudi nyuma kuanzia sekunde 60, na zikiisha mashine inajizima na kujiwasha. Hapo mwenye kompyuta alikwama: kiraka kilikuwa kwenye intaneti, kukipata kulihitaji kujiunga na intaneti, na mara tu alipojiunga mnyoo uliweza kumfikia tena kabla hajamaliza kupakua. Hata aliyeweka Windows upya kabisa alirudi palepale, kwa sababu nakala ya kwenye CD ilikuwa na kasoro ileile. Dawa ilikuwa kubadili mpangilio wa kazi: kwanza washa ukuta wa ulinzi unaochuja mawasiliano yanayoingia, ndipo ujiunge na mtandao na kupakua kiraka. Ukuta huo ulikuwemo ndani ya XP tangu mwanzo, ila ulikuja umezimwa. Agosti 2004, toleo la marekebisho la Service Pack 2 likauwasha katika kila mashine iliyowekewa toleo hilo bila kusubiri uamuzi wa mwenyewe.

Kirusi cha Conficker, kilichozuka Novemba 2008, kiliunganisha njia zote za zamani: kasoro ya Windows iliyokwisha kutolewa kiraka mwezi mmoja kabla, manenosiri mepesi, na flashi. Ukichomeka flashi yenye kirusi hicho, lilijitokeza chaguo lenye picha ya folda ya kawaida, kana kwamba unafungua mafaili yako, kumbe unakikaribisha. Kilizuia pia mashine kufikia tovuti za antivirasi. Afrika Mashariki njia ya flashi ilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa kebo ya baharini ya SEACOM iliingia kazini Julai 2009, na kabla yake intaneti ya satelaiti ilikuwa ghali na ya polepole. Kazi za shule na barua za ofisi zilisafiri kwa flashi kutoka nyumbani hadi steshenari na intaneti kafe, na virusi vilisafiri nazo. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililozuia flashi kujiendesha yenyewe katika matoleo ya zamani ya Windows.

Watasema wengine kwamba yote haya yanamalizwa na kupiga Windows upya. Ni kweli kwamba hatua hiyo hufuta mengi, na kwa mashine iliyovamiwa vibaya ndiyo iliyo bora. Lakini programu hasidi ya DNSChanger inaonyesha mpaka wake. Kundi lililoiendesha, ambalo lilikamatwa Novemba 2011, lilikuwa limeingilia kompyuta zipatazo milioni 4, likibadili mpangilio unaoiambia mashine iulize wapi anwani za tovuti, na katika baadhi ya nyumba mabadiliko hayo yalifanywa ndani ya ruta iliyoachiwa nenosiri la kiwandani. Ruta haiponi kwa kupiga Windows. Vivyo hivyo kwa programu za kuiba siri za miaka ya karibuni, kama RedLine, zinazochota manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vinavyomweka mtu ndani ya akaunti yake. Programu ikifutwa leo, siri zinabaki mikononi mwa aliyezichukua jana.

Wengine watasema kompyuta za sasa zinajilinda zenyewe. Zinajilinda pale zinaporuhusiwa. Kiraka cha kasoro iliyotumiwa na mnyoo wa WannaCry kilitolewa Machi 14, 2017, na Mei 12 hospitali za Uingereza zilikuwa zikiahirisha matibabu kwa sababu mashine zake hazikuwa zimesasishwa. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, hivyo anayeendelea kuitumia bila mpango wa nyongeza hapati tena viraka. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la bando, maana masasisho hula data na si kila nyumba ina mtandao usio na kikomo. Gharama hiyo naikubali, ila haidai kuzima masasisho moja kwa moja. Inadai ya usalama yatangulizwe, na mengine yasubiri.

Kwa hiyo kazi ya baada ya kusafisha ina mpangilio wake: sasisha mfumo na kivinjari, hakikisha ukuta wa ulinzi unafanya kazi, kagua flashi zote, badili nenosiri la ruta, kisha badili manenosiri ya barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine kilicho safi, ondoka kwenye akaunti zako kila mahali zilipobaki wazi na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kila hatua hapa inaziba njia iliyowahi kutumika. Kompyuta inastahili kuitwa salama pale mwenyewe anapoweza kueleza njia ambazo kirusi kingeweza kuingilia, na kila moja imezibwa vipi.