Kutoka kwa mkaguzi hadi shamba darasa

Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa Bukoba walizigomea kanuni za serikali ya kikoloni kuhusu matunzo ya mibuni. Wakaguzi walikuwa wakiingia vibanjani, yaani katika mashamba ya migomba na mibuni yanayozunguka nyumba, na kuamuru nini kifanyike, na wakulima wakaogopa kwamba baada ya amri hizo ardhi yenyewe ingefuata. Mimi siamini kwamba watu wale waliikataa elimu. Walikataa kufundishwa kwa amri.

Baadaye ushirika ulileta nguvu ya kuuza kwa pamoja: chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU, kilianzishwa mwaka 1950, na kama vyama vikuu vyote nchini kikavunjwa mwaka 1976. Ufundi wa kilimo, hata hivyo, uliendelea kukaa mikononi mwa wazazi. Kuchagua chipukizi la mgomba la kuacha shinani, kuleta majani ya rweya, yaani uwanda wa nyasi nje ya vibanja, kufunika udongo, kupogoa mbuni, yote hayo mtoto aliyajifunza akimfuata mama au baba kibanjani. Ndiyo maana UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, uliua na walimu. Vijana wengi walirithi migomba bila mtu wa kuwaonyesha namna ya kuitunza.

Mwaka 1999 mradi wa FAO uliofadhiliwa na IFAD ulianza katika Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa upande wetu ulifika wilaya za Bukoba na Muleba mkoani Kagera. Ulileta shamba darasa, mbinu iliyozaliwa miaka kumi nyuma katika mashamba ya mpunga ya Indonesia. Kikundi cha watu 25 hadi 30 hukutana mara moja kwa juma, msimu mzima. Hawaanzi na hotuba ya bwana shamba. Huingia shambani kwa makundi madogo, wakahesabu majani, wakatafuta wadudu, kisha wakachora walichokiona kwenye karatasi kubwa na kubishana hadi waamue la kufanya.

Chukua mfano wa fukusi, mdudu anayeshambulia migomba. Kipande cha shina la mgomba uliokwisha kuvunwa hupasuliwa katikati na kulazwa karibu na shina hai, upande uliokatwa ukitazama chini. Baada ya siku mbili tatu kikiinuliwa, fukusi weusi wanaonekana wamejikusanya chini yake, wanaokotwa na kuuawa. Mwanakikundi aliyewaokota kwa mkono wake hahitaji kushawishiwa tena kwamba adui yupo.

Fedha za mradi nazo zilikwenda kwa kikundi chenyewe, kikanunua mahitaji na kutoa hesabu. Vikundi vingi vililima kipande cha kujifunzia na kingine cha kuuza, mapato yakarudi mfukoni mwa kikundi. Waliohitimu wakawa wawezeshaji wa vikundi vipya, kisha vikundi vikaungana katika mitandao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliopima nchi zote tatu, ulikuta mapato ya washiriki yamepanda kwa asilimia 61, na faida ikawafikia wanawake na wenye elimu ndogo. Matokeo yalitofautiana baina ya nchi, lakini nitashangaa mwenye kupanga bajeti ya kilimo akiipita takwimu hiyo bila kusimama.

Mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba, unyanjano, uliripotiwa Muleba. Kinga yake ni kazi ya jirani wote: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kusafisha panga kwa moto au dawa, kung'oa shina lililoathirika. Kibanja kimoja kikizembea, kile cha pili hakiponi. Hapo ndipo mtu anayefahamiana na wenzake wa vijiji vingine alipokuwa na thamani kuliko kipeperushi.

Leo kijana anayeanza kulima anaweza kupata miche ya robusta inayovumilia ugonjwa wa mnyauko wa kahawa kupitia kituo cha taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kilichoko Maruku. Mche peke yake haumtoshi. Halmashauri za Bukoba na Muleba ziwatafute wawezeshaji wa zamani wa mashamba darasa wakiwa bado wana nguvu, ziwape nauli na kikundi cha vijana 25 kila mmoja, na fedha za msimu wa kwanza ziwekwe kwenye akaunti ya kikundi.