Nani Abebe Mzigo wa Kungoja: Kura ya Wamarekani Weusi na Sheria ya 1965

Mwaka 1870 Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani yaliharamisha kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Miaka 95 baadaye, katika jimbo la Mississippi, Weusi walioandikishwa kupiga kura hawakufika 7 katika kila 100 waliostahili. Maelezo yaliyozoeleka ya pengo hilo ni chuki na vitisho: kamba za kunyongea, nyumba zilizochomwa moto, wakulima waliofukuzwa mashambani kwa sababu tu walikwenda kujiandikisha. Yote hayo yalitokea, na hakuna anayeweza kuandika historia ya Kusini akayaruka. Lakini vitisho peke yake havielezi jinsi haki iliyoandikwa katika sheria kuu ya nchi ilivyoweza kukanyagwa karibu karne nzima, tena mara nyingi mbele ya majaji waliokiri kwamba inakanyagwa. Wanyimaji walikuwa na silaha nyingine ambayo haikutoa damu, nayo ilikuwa muda. Naamini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965 ilifaulu pale ambapo Marekebisho ya 15 yalishindwa kwa sababu iliwapokonya silaha hiyo.

Mississippi ndiyo iliyofungua njia. Katiba yake mpya ya mwaka 1890 haikumtaja mtu Mweusi katika masharti ya kupiga kura. Ilidai kodi ya kichwa ya dola 2, na ilimtaka mwombaji asome kifungu cha katiba ya jimbo au akielewe kinaposomwa, huku mwamuzi wa kuelewa huko akiwa msajili mwenyewe, ambaye alikuwa Mzungu. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Marekani iliona hakuna kosa katika masharti hayo. Mwaka huohuo Louisiana ilitunga kanuni ya kumsamehe mtihani yeyote ambaye baba au babu yake alikuwa mpiga kura kabla ya mwaka 1867, yaani kabla Weusi hawajapata kura. Matokeo yalikuwa ya haraka na ya kutisha: mwaka 1896 jimbo hilo lilikuwa na Weusi zaidi ya 130,000 katika daftari la wapiga kura, na kufikia mwaka 1900 walibaki 5,320.

Kisa cha Oklahoma kinastahili kutazamwa kwa karibu, maana pale mahakama ilitenda haki na bado haki haikupatikana. Jimbo hilo nalo lilikuwa na kanuni ya babu, na mwaka 1915 Mahakama ya Juu iliifuta. Mwaka 1916 wabunge wa jimbo wakatunga sheria nyingine: waliopiga kura mwaka 1914, wakati kanuni ya babu ingali ikifanya kazi, waliandikishwa bila kuulizwa. Wengine wote walipewa siku 12, kuanzia Aprili 30 hadi Mei 11, wajiandikishe, na aliyekosa siku hizo alipoteza haki yake maisha yake yote. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1939. Kati ya hukumu ya kwanza na ya pili ilipita miaka 24, chaguzi zikafanyika, magavana wakaingia na kutoka, na waliozuiwa wakazeeka. Texas ilicheza mchezo uleule na kura za mchujo, zile ambazo chama huzitumia kuteua wagombea wake. Sheria ya kuwazuia Weusi ilifutwa mwaka 1927, jimbo likakikabidhi chama kazi ya kuwazuia, hilo nalo likafutwa mwaka 1932, chama kikafanya hivyohivyo kwa azimio la mkutano wake. Ndipo mwaka 1944 kesi iliyoendeshwa na wakili Thurgood Marshall ilipoufunga mlango huo. Huyo ndiye Marshall ambaye mwaka 1960 alikaa na wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London, akiwashauri kuhusu ulinzi wa haki katika katiba ya nchi iliyokuwa ikielekea uhuru. Alijua kwa miaka mingi ya kazi yake kwamba kushinda kesi ni jambo moja, na kumfikisha mtu kwenye sanduku la kura ni jambo jingine.

Sheria za haki za raia za miaka ya 1957, 1960 na 1964 ziliipa serikali kuu nguvu ya kushtaki, lakini ziliiacha ikipita wilaya moja baada ya nyingine. Katika Wilaya ya Dallas, Alabama, ambako ndiko ulipo mji wa Selma, Wizara ya Sheria ilifungua kesi mwaka 1961. Weusi wenye umri wa kupiga kura walikuwa kama 15,000, na walioandikishwa walikuwa 156. Baada ya miaka minne ya mawakili, rufaa na amri za majaji, walifika 383. Ofisi ya usajili ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi, na mistari mirefu ilirudishwa nyumbani jioni. Polisi walipowapiga waandamanaji kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma mnamo Machi 7, 1965, nchi nzima iliona kwa macho yake. Rais Lyndon Johnson alisaini sheria mpya Agosti 6.

Sheria hiyo haikutangaza haki mpya hata moja, na uzito wake ulikuwa katika utaratibu. Kwanza, ilisimamisha mitihani ya kusoma katika majimbo na wilaya zilizokuwa nayo Novemba 1964, na ambako chini ya nusu ya watu wazima walikuwa wameandikishwa au walipiga kura mwaka huo. Pili, iliruhusu serikali kuu kupeleka maofisa wake waandikishe wapiga kura, nao walianza kazi ndani ya siku chache. Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha mageuzi, kifungu cha 5 kiliyazuia maeneo hayo kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi kabla ya kupata idhini ya Mwanasheria Mkuu wa serikali kuu au ya mahakama ya Washington. Zamani kanuni mbovu ilifanya kazi mpaka mnyimwa athibitishe ubaya wake. Sasa ililala kabatini mpaka mtungaji athibitishe kwamba haina ubaguzi. Jaji Mkuu Earl Warren, alipoitetea sheria hiyo mwaka 1966, alisema waziwazi kwamba Bunge lilikuwa na haki ya kuihamisha faida ya muda kutoka kwa watenda uovu kwenda kwa waathirika wake. Mwaka 1967 uandikishaji wa Weusi Mississippi ulikuwa umefika karibu 60 kwa 100.

Wapo wanaosema sifa hizi ni za watu wa Selma na wa Mississippi, wala si za vifungu vya sheria. Bila wao sheria isingetungwa, hilo sibishi. Hata hivyo ujasiri haukuzaliwa mwaka 1965. Fannie Lou Hamer wa Mississippi alikwenda kujiandikisha mwaka 1962, akafukuzwa kwenye shamba alikoishi na kufanya kazi kwa miaka mingi. Watu wa namna yake walikuwepo katika kila kizazi, na kila kizazi kilikutana na msajili aliyeweza kuwaambia warudi kesho. Kilichokosekana ni dola iliyomnyima msajili huyo kesho yake.

Pingamizi zito zaidi ni lile lililoshinda mahakamani mwaka 2013. Kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ilifuta kipimo kilichoamua ni maeneo gani yaombe idhini, na kifungu cha 5 kikabaki bila pa kushika. Jaji Mkuu John Roberts alisema majimbo ni sawa, hali imebadilika, na kipimo kilitegemea takwimu za miongo mingi iliyopita. Hoja hii ina ukweli ndani yake: Bunge lilipoirefusha sheria mwaka 2006, Seneti ikipitisha kwa kura 98 bila hata moja ya kupinga, halikukigusa kipimo hicho, na huo ulikuwa uzembe. Lakini eneo lenye rekodi safi lilikuwa na njia ya kutoka, na wilaya kadhaa za Virginia ziliitumia. Tena wilaya iliyoshtaki, Shelby ya Alabama, yenyewe inatoa ushahidi dhidi ya dai lake. Mwaka 2008 mji wa Calera uliomo humo ulichora upya mipaka ya kata, na diwani wake Mweusi pekee akapoteza kiti. Wizara ya Sheria ilikataa mipaka hiyo, uchaguzi ukarudiwa, naye akarudi barazani.

Wengine huongeza kwamba hata baada ya 2013 Weusi wameendelea kupiga kura kwa wingi. Ni kweli, na hakuna aliyetazamia kurudi kwa mwaka 1900. Ila mabadiliko mengi yaliyokuwa yakichujwa na kifungu cha 5 yalikuwa ya ukubwa wa Calera: mpaka wa kata, kituo kilichohamishwa, viti vya baraza vilivyogeuzwa kuwa vya mji mzima. Mambo ya namna hii hayaonekani katika jumla ya kura za jimbo, ingawa ndiyo yanayoamua nani atakaa barazani. Na muda umerudi ulikokuwa. Siku ileile ya hukumu, Texas ilitangaza kwamba itaanza kutumia sheria yake ya vitambulisho iliyokuwa imezuiwa. North Carolina ilipitisha mwaka 2013 sheria iliyopunguza siku za kupiga kura mapema na kubana vitambulisho. Mahakama ya rufaa iliikuta na dhamira ya kuwalenga Weusi na ikaifuta Julai 2016, wakati uchaguzi wa mwaka 2014 ulikwisha kufanyika na walioshinda wako madarakani. Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wenye jina la John Lewis, mmoja wa waliopigwa darajani Selma, uliotaka kuweka kipimo kipya na kukirudishia kifungu cha 5 kazi yake. Ulikwama Seneti.