Vitabu Vilivyopanda Kizimbani

Kijana wa mjini ukimtajia historia, anakumbuka mambo mawili: tarehe za kukariri na mtihani. Tusimlaumu sana. Mau Mau tuliyofundishwa ilikuwa kurasa chache na picha ya Dedan Kimathi mwenye pingu, halafu kengele ikalia. Basi, ndugu msomaji, leo nakupendekezea vitabu ambavyo havikulala rafuni. Waandishi wake walifika hadi mahakamani London, na mwisho Serikali ya Uingereza ikalipa.

Viwili vya kwanza vilitoka mwaka mmoja, 2005. Kimoja ni Histories of the Hanged cha David Anderson. Huyu bwana alichimbua mafaili ya kesi za wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, akahesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Tena hampaki mtu mafuta. Ukifika Lari, Machi 1953, utaona Mwafrika akimchomea mwenzake nyumba usiku, na kisasi cha kutisha kilichofuata.

Na mafaili aliyakuta wapi? Mengi yako papa hapa Nairobi, katika jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Ndiyo, hapo hapo Archives, mahali pa "tupatane saa kumi". Tunaegemea ukuta tukingoja marafiki, na nyuma ya ukuta kuna majina ya walionyongwa.

Kitabu cha pili ni cha Mmarekani Caroline Elkins. Kwao kiliitwa Imperial Reckoning, Uingereza kikaitwa Britain's Gulag, na mwaka 2006 kilipata tuzo ya Pulitzer. Yeye aliingia vijijini, akawahoji mamia ya wazee, wake kwa waume, juu ya kambi za kizuizini na vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Wakosoaji wakamshukia: eti anaamini mno midomo ya wazee, na hesabu yake ya vifo imepita kiasi. Kwenye hesabu walikuwa na hoja. Elkins alidokeza kwamba huenda walikufa hadi watu 300,000. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu John Blacker alikadiria kama 50,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka 10. Kwa hiyo soma ukiwa macho.

Lakini midomo ya wazee je? Mwaka 2009 Wakenya watano, wote wazee, walifungua kesi London juu ya mateso waliyopata. Anderson, Elkins na mwenzao Huw Bennett wakatoa ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 2011 serikali ikakubali kwamba huko Hanslope Park ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni yake, ya Kenya peke yake yakiwa kama 1,500, yaliyosafirishwa kimya kimya wakati uhuru ukikaribia. Humo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, anamshauri Gavana Baring mwaka 1957 namna ya kuupa upigaji wa wafungwa kivuli cha sheria. Miaka miwili baadaye, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kambini Hola, na taarifa ya kwanza ikasema wamekufa baada ya kunywa maji. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mafaili yale ilichukua nusu karne!

Juni 2013 Waziri William Hague alieleza majuto bungeni, akatangaza pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Lakini usigawanye tu: humo mlikuwa na gharama za kesi pia.

Ukimaliza hivyo, tafuta Defeating Mau Mau, Creating Kenya cha Daniel Branch (2009). Kinauliza swali linalochoma: kwa nini Wakikuyu wengi walishika silaha upande wa serikali? Wajukuu wao tunakaa nao mtaa mmoja. Kisha soma Legacy of Violence, kitabu cha Elkins cha 2022, uone jinsi mbinu na maofisa walivyohama kutoka koloni moja hadi jingine, Palestina na Malaya zikiwemo.

Sasa angalia majina ya waandishi hao. Wote wageni, wote Kiingereza. Si kwamba sisi hatuwezi. Gakaara wa Wanjau, aliyekamatwa 1952, aliandika shajara kwa siri akiwa kizuizini, na kitabu alichokichapisha kwa Kigikuyu kutokana nayo kikapata tuzo ya Noma mwaka 1984. Hakungoja profesa kutoka ng'ambo.

Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1952 sasa wamepita 90. Kama kwenu yupo mmoja, kaa naye wikendi hii. Muulize kambi gani, mwaka gani, nani alikuwa naye. Andika kwa lugha anayoizungumza. Halafu siku nyingine ukimngoja mtu pale Archives, usisimame nje. Ingia, uliza faili.