Nani Ameshika Futikamba?

Jumamosi ya tarehe 8 Desemba 2018, sebule yetu mjini Busia, upande wa Kenya, ilikuwa na watu wengi kuliko viti. Shangazi yangu alikuwa amevuka mpaka asubuhi hiyo kutoka Tororo, na mabinti wa jirani walikuwa wamekuja kutazama runinga. Huko Sanya, nchini China, ilikuwa fainali ya Mrembo wa Dunia. Quiin Abenakyo wa Uganda alipoingia katika watano bora na kutangazwa mrembo wa bara la Afrika, mabinti walipiga vigelegele, ingawa karibu wote walikuwa Wakenya. Shangazi alitikisa kichwa, kisha akauliza:

"Hao wanaowapima hawa watoto, wao wamepimwa na nani?"

Mabinti walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu shangazi ni fundi cherehani, na futikamba imekaa shingoni mwake tangu ujana wake. Mambo ya vipimo anayajua. Ndugu mwanafunzi, swali lake ndilo somo letu la leo.

Tuanze na asili ya jambo. Shindano la Mrembo wa Dunia lilianzishwa London mwaka 1951 na Eric Morley, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya burudani iliyoitwa Mecca. Lilikuwa onyesho la mavazi ya kuogelea, na shabaha yake ilikuwa kuvuta watazamaji. Mwaka 1959 BBC ikaanza kulirusha katika runinga, nalo likaingia sebuleni mwa watu. Ilipita zaidi ya miaka 60 tangu kuanzishwa kwake ndipo waandaaji walipotangaza, mwishoni mwa 2014, kwamba kipengele cha vazi la kuogelea kingeondolewa.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika jukwaa la urembo methali hii imegeuzwa kichwa chini: kizuri ndicho kinachotembezwa. Basi mtazamaji makini hana budi kuuliza ni nani anayekitembeza, na ni nani anayeuza.

Swali hilo liliwahi kuulizwa kwa kishindo. Tarehe 20 Novemba 1970, katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, wanawake waliokuwa wamekaa kama watazamaji wa kawaida waliinuka ghafla, wakarusha unga na vipeperushi, wakatikisa vyombo vya kelele mbele ya kamera. Walisema wanawake si mifugo ya mnadani. Hata hivyo, usiku huohuo Jennifer Hosten wa Grenada alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa taji hilo. Nafasi ya pili ilikwenda kwa Pearl Jansen, msichana asiye Mzungu wa Afrika Kusini. Nchi yake ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imeleta washiriki wawili, Mzungu mmoja na yeye, na kwenye utepe wake maneno ya jina la nchi yalikuwa yamepinduliwa. Kwa waandamanaji jukwaa lile lilikuwa kizimba. Kwa Hosten lilikuwa mlango, na miaka michache baadaye aliiwakilisha nchi yake kama balozi nchini Kanada. Anayetaka kuelewa historia ya jambo hili asiziache kweli hizi mbili zitengane.

Je, kwetu Afrika Mashariki? Tanzania ilimpata Miss Tanzania wake wa kwanza, Theresa Shayo, mwaka 1967. Mwaka uliofuata mashindano hayo yakapigwa marufuku, kwa hoja kwamba hayapatani na utamaduni wa taifa. Mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, kampeni dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Mashindano yalirejea mwaka 1994, wakati uleule ambapo vituo vya kwanza vya runinga vilianza kurusha matangazo Tanzania Bara. Kamera na taji vilifika pamoja.

Nchini Uganda, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Amri yake ilitaja kwa vipimo umbali unaokubalika kati ya pindo la nguo na goti la mwanamke. Hapo shangazi ana ushahidi wake mwenyewe.

"Mwaka ule nilishusha mapindo mpaka vidole vikaota sugu," alituambia, runinga ikiendelea kumeta. "Sketi isiyo na pindo la kutosha niliiongezea kipande chini, hata kama rangi haikufanana. Wakati ule tulipimwa ili tusionekane. Leo wanapimwa ili waonekane. Futikamba ni ileile, mwanangu."

Maneno hayo yalinifumbua macho. Tumezoea kudhani kwamba shindano na marufuku ni mahasimu: moja linavua, jingine linafunika. Lakini yote mawili yanauweka mwili wa mwanamke mbele ya watu wengine ili waamue kama unafaa kuiwakilisha nchi. Abenakyo aliporejea nyumbani, Rais Museveni alimsifu kwa urefu na uzuri wake, kisha akasema kinachomkera ni nywele za Kihindi alizovaa. Akamhimiza aache nywele zake za Kiafrika. Februari 2019 Waziri wa Nchi wa Utalii, Godfrey Kiwanda, alishiriki kuzindua shindano la wanawake wanene, akiwataja kuwa kivutio cha watalii. Waganda wengi, hasa wanawake, walipinga vikali kuona binti zao wakiwekwa kundi moja na vivutio vya mbuga.

Nasi wa mpakani tunafahamu kupimwa na wengine. Mwaka 1902 Waingereza walilitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kuliunganisha na himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili za mstari ambao hawakuuchora. Ndiyo maana mabinti wale wa Kenya walimshangilia Mganda bila kujiuliza mara mbili. Utepe kifuani huandikwa nchi moja, lakini furaha yao ilivuka mpaka bila kitambulisho. Furaha hiyo siibezi. Kumwona msichana wa jirani akisimama mbele ya dunia bila woga si jambo dogo.

Shindano lilipokwisha, binti mmoja alimwomba shangazi amshonee gauni la Krismasi. Shangazi akavua futikamba shingoni, akapiga goti moja sakafuni, na kabla hajapima chochote akauliza:

"Unataka likufike wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo Morley hakuuliza, Amin hakuuliza, wala Umoja wa Vijana haukuuliza. Ndugu mwanafunzi, ukitazama tena shindano la urembo, furahi ukipenda, lakini usiangalie wanaopimwa peke yao. Angalia pia mikono iliyoshika futikamba, kisha jiulize kama anayepimwa ameulizwa neno lolote.