Neva Vagasi katika Mwili wa Kamongo

Neno mshipa limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili, kwa maana njia ya damu huitwa mshipa, uzi unaopeleka habari kati ya ubongo na viungo huitwa mshipa wa fahamu, na hata maradhi ya kuvimba korodani huitwa mshipa. Ndiyo maana waandishi wa biolojia huuita uzi huo neva na njia ya damu itokayo moyoni ateri. Tofauti hiyo ni ya lazima anapoelezwa kamongo, samaki wa Ziwa Victoria ambaye mkaangaji samaki wa mtaa wa Huruma, Nairobi, akimpata katika soko la Gikomba kabla hajatumbuliwa, atamkuta na mapafu mawili marefu yaliyolala chini ya uti wa mgongo. Kamongo aliyekomaa hupata hewani takriban asilimia 90 ya oksijeni yake, hivyo akizuiwa asifike juu hufa maji, ingawa ni samaki.

Inayooanisha pumzi na moyo wake ni neva ya kumi ya ubongo, vagasi, jina la Kilatini lenye maana ya kutangatanga, kwa kuwa neva hiyo hutoka kichwani ikafika kwenye matamvua, moyo, mapafu na tumbo. Ingeweza kuitwa neva tangatanga, lakini Mkenya atakumbuka kambi ya kisiasa iliyoitwa Tangatanga kabla ya uchaguzi wa 2022. Neva zururaji nayo itamkumbusha kijana wa Huruma msako wa polisi dhidi ya wazururaji. Afadhali vagasi ibaki, maana haizururi hata kidogo.

Kati ya pumzi moja na nyingine, vagasi hutoa asetilikolini, kemikali inayopunguza mwendo wa moyo na kubana ateri ya mapafu, damu ikachepushwa kwenda mwilini. Kamongo akishagugumia hewa, breki hiyo hulegea, ateri ikafunguka na damu ikajaa mapafuni. Binadamu ana pia neva za kuuharakisha moyo, ilhali kwa kamongo neva za aina hiyo hazijaonekana kufika moyoni, na badala yake chembe zilizo katika ukuta wa chumba cha juu cha moyo huhifadhi homoni za jamii ya adrenalini. Maelezo hayo yakiandikwa kwa neno la zamani peke yake, msomaji ataambiwa kwamba mshipa umeubana mshipa ili damu ipite mshipa mwingine.