Lwakhakha: Mwongozo wa msafiri mwenye fedha chache na anayetaka kuandika safari zake

MTO Lwakhakha si mpana. Wakati wa kiangazi, katika sehemu kadhaa, mtu huweza kukunja suruali, akashika viatu mkononi na kutoka Kaunti ya Bungoma, Kenya, hadi Wilaya ya Namisindwa, Uganda, kwa dakika chache. Hakuna foleni wala maswali. Kwa kijana anayezuru Afrika Mashariki na vijisenti vichache mfukoni, kishawishi ni kikubwa.

Hata hivyo, wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mwananchi wa Kenya au Uganda halipishwi ada kwa kupita katika ofisi ya uhamiaji iliyo hapo hapo mpakani. Anayepita njia ya panya ndiye hugharimika baadaye, anaposimamishwa barabarani na kushindwa kuonyesha aliingia lini na kupitia wapi. Makala haya yanaeleza namna ya kusafiri kwa bei nafuu kupitia mji huu mdogo bila kuingia matatani, na namna ya kuiandika safari hiyo ili imfae atakayeisoma.

MJI MMOJA, NCHI MBILI

Jina Lwakhakha ni la mto, la mji wa upande wa Kenya na la mji wa upande wa Uganda. Mto huteremka kutoka Mlima Elgon na ni sehemu ya mpaka wa nchi hizi. Mwaka 1902 Waingereza waliihamishia Kenya ya leo eneo lililokuwa mashariki ya Uganda, na mwaka 1926 mpaka ukaelezwa kisheria. Wabukusu wakabaki upande mmoja na ndugu zao Wamasaba, ambao pia huitwa Wagisu, upande wa pili. Lugha zao zinafanana kiasi cha kusikilizana bila mkalimani.

Magendo pia yana historia ndefu hapa. Baridi kali ya mwaka 1975 iliharibu mibuni ya Brazil na bei ya kahawa ikapanda duniani. Mwaka 1976 na 1977, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa wingi hadi Kenya kupitia soko la Chepkube, chini ya Mlima Elgon, na wengi wakatajirika. Msafiri wa leo anahitaji kuijua habari hiyo kwa sababu moja: maofisa wa mpakani hawauoni mzigo kama mzigo tu. Usikubali kumbebea mtu usiyemjua mfuko wowote, hata akuambie ni zawadi ya mama yake ng'ambo ya mto.

KUFIKA

Kutoka Nairobi, mabasi ya Bungoma hupitia Nakuru, Eldoret na Webuye. Ukifika Bungoma, panda matatu ya kwenda Chwele, kisha Sirisia na Lwakhakha. Anayetoka Kitale hupitia Kamukuywa na Kimilili hadi Chwele, akaungana na njia hiyo hiyo. Upande wa Uganda, barabara ya takribani kilomita 45 huenda Mbale kupitia Bubulo.

Panga kufika mpakani kabla ya saa tisa alasiri. Magari ya abiria hupungua jioni, na anayechelewa hubaki mikononi mwa mwendeshaji bodaboda atakayetaja bei apendavyo. Jina bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani, kule Busia, katika miaka ya 1960, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha abiria. Patana bei kabla ya kupanda, na uulize kama ni ya mtu mmoja. Lililo muhimu zaidi ni kumwambia dereva akushushe mbele ya ofisi ya uhamiaji. Usiache kichwa chake kiamue.

HATI

Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizi kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania asafiri na pasipoti au hati ya kusafiria ya Jumuiya. Kwa mtoto asiye na kitambulisho, ulizia hati ya muda katika ofisi ya uhamiaji kabla ya siku ya safari. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, raia wa nchi wanachama huweza kupewa kibali cha kuzuru hadi miezi sita bila malipo.

Wageni wengi wa nchi nyingine wanaoingia Kenya huomba idhini ya kielektroniki, utaratibu ulioanza Januari 2024. Anayenuia kuzuru Kenya, Uganda na Rwanda kwa safari moja anaweza kuomba viza ya pamoja ya utalii, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa dola 100 na inayodumu siku 90. Maombi yafanywe mtandaoni mapema. Kituo kidogo cha mpakani si mahali pa kuanzia shughuli hiyo.

Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Uganda huwataka wageni wawe nacho. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linaitambua dozi moja kuwa ya maisha yote, kwa hiyo usikubali kuuziwa nyingine kwa madai kwamba cheti chako cha miaka mingi kimeisha muda.

Anayerejea Kenya akumbuke kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017. Iache ng'ambo, utumie kikapu.

FEDHA NA SIMU

Mwaka 2025 shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa takribani shilingi 27 au 28 za Uganda. Kwa kiwango hicho, Sh2,000 za Kenya huzaa kama Sh55,000 za Uganda. Sufuri hizo ndizo humchanganya mgeni: noti ya 5,000 na ya 50,000 zikishikwa pamoja gizani huleta majuto. Tazama kiwango cha siku kabla ya kufika, piga hesabu kwa simu yako mwenyewe, hesabu fedha ukiwa umesimama pale pale, na badilisha kiasi cha kukufikisha Mbale tu. Usipokee noti za Kenya za Sh1,000 za toleo la zamani. Zilikoma kutumika baada ya Septemba 30, 2019.

Simu nayo huvuka mpaka kabla ya mwenyewe. Ukiwa karibu na mto, huweza kunasa mtandao wa nchi jirani na kukula salio. Chagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu.

CHAKULA NA MSIMU

Chakula bora kwa bei nafuu hupatikana penye wafanyabiashara wengi wakati wa mchana. Upande wa Kenya, tafuta ugali wa wimbi kwa mboga za kienyeji au kuku. Upande wa Uganda kuna matoke, mchuzi wa karanga, na chapati iliyokunjiwa mayai inayojulikana kama 'rolex', ambayo humshibisha msafiri hadi jioni. Ukibahatika kupata malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, usiyapite. Ni chakula cha heshima cha Wamasaba.

Mvua kubwa huanza Machi hadi Mei, na nyingine hunyesha kuelekea mwisho wa mwaka. Miteremko ya Elgon si ya kufanyiwa mzaha wakati huo. Maporomoko ya ardhi yaliua watu wengi Bududa mnamo Machi 2010 na Oktoba 2018, na Bulambuli mnamo Novemba 2024. Mwenyeji akikuambia njia haipitiki, mwamini.

Mwezi Agosti wa mwaka wa tarakimu shufwa, kama 2024 na 2026, ni msimu wa tohara kwa Wabukusu na Wamasaba. Ngoma husikika pande zote za mto, na kwa Wamasaba uzinduzi hufanyika Mutoto, karibu na Mbale. Ni wakati mzuri wa kuona utamaduni ulio hai, ila vyumba na magari huwa adimu. Anayekimbia akipakwa unga wa wimbi ni mtoto wa watu, si onyesho. Usimpige picha kabla ya kuzungumza na wazazi wake.

VIVUTIO JIRANI

Kitale ina jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974. Hifadhi ya Saiwa, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, huzungukwa kwa miguu, na humo huishi nzohe, paa wa majimaji. Katika Hifadhi ya Mlima Elgon kuna pango la Kitum, ambamo ndovu huingia kukwangua chumvi. Watu wawili waliozuru pango hilo waliugua homa ya Marburg, mwaka 1980 na 1987, kwa hiyo usiguse popo wala kinyesi chao. Karibu na Webuye kuna kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895.

KWA ANAYETAKA KUANDIKA

Mwandishi chipukizi wa safari hudhani anahitaji kamera ghali. Anachohitaji kwanza ni daftari. Andika nauli uliyolipa na tarehe uliyolipa, maana bei isiyo na tarehe ni uvumi. Andika saa matatu ya kwanza iliondoka, choo kilikuwa katika hali gani, na kama mwanamke anayesafiri peke yake alihisi salama. Mambo hayo madogo ndiyo msomaji hayapati kwingineko.

Katika meza ya uhariri, makala mengi ya safari huanguka kwa makosa mepesi: jina la mji lililokosewa, mlima uliopandishwa urefu, au mwenyeji aliyewekewa maneno mdomoni. Kilele cha Wagagai kina mita 4,321 na kiko Uganda. Koitoboss, chenye mita 4,222, kiko Kenya. Anayevichanganya hataaminiwa hata anapotaja bei ya chai. Aidha, ukilazwa bure na mwenye hoteli, sema hivyo wazi.

Usipige picha ofisi za mpakani, maofisa wa usalama wala daraja bila ruhusa. Ndege zisizo na rubani zinahitaji kibali katika nchi zote mbili. Kadhalika, usitarajie mapato ya haraka. Wengi huandika muda mrefu kabla ya kulipwa, na aliyeacha kazi kwa ahadi ya matangazo amejuta.

Hatimaye turudi mtoni. Utakutana na waandishi wanaojisifu kwamba walivuka bila hati, na wanaoeleza hata mti wa kupindia. Wao walipita siku hiyo salama. Msomaji wao atakayefuata maelezo hayo mwezi ujao huenda akakuta askari wamesimama chini ya mti huo, au mto umefurika. Anayeandika mwongozo humtuma mtu mwingine njiani, kwa hiyo amwelekeze mahali ambapo yeye mwenyewe angemtuma mdogo wake: ofisini, kitambulisho mkononi.